Saa Mbili ya Kompyuta

Katika programu tatu nilizojaribu za kutungia majaribio ya mtandaoni, nilichagua ile inayomwaga karatasi za rangi kwenye skrini mtu akipata jibu. Nakiri. Moodle niliipita mapema: ni ya bure tangu 2002, lakini inataka seva na mtu wa kuilea, na fundi wetu wa kompyuta pale chuoni ndiye huyo huyo wa jenereta. Hii nyingine, ambayo sitaitaja, ilitaka baruapepe tu. Nikaingiza maswali 20 ya sarufi, kumi ya kuchagua na kumi ya jibu fupi.

Penye muda wa kufungua nikaweka 2:00, wa kufunga 3:00. Si jaribio la saa mbili asubuhi? Nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wanachuo 58, nikalala usingizi wa mtu aliyeagana na kalamu nyekundu.

Saa mbili na dakika moja simu ilitetemeka hadi ikafika ukingoni mwa meza. "Mkufunzi shikamoo, limefungwa." "Mkufunzi, hata kwangu." Walilalamika 57. Wa 58 alikuwa kimya kwa sababu yeye keshafanya: aliamka kuswali alfajiri, akakuta kiungo kiko wazi, akajibu, akarudi kitandani.

Alfajiri tena? Kama kompyuta iliisoma 2:00 yangu kuwa saa nane usiku, si ingefunga saa tisa? Nikachimba kwenye mipangilio mpaka ukurasa wa akaunti, chini kabisa: saa za eneo, GMT. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Basi makosa mawili yalikuwa yamebebana mgongoni: mimi nahesabu saa tangu jua lichomoze, akaunti yangu inaishi Greenwich. Lilifunguliwa saa kumi na moja alfajiri, likafungwa saa kumi na mbili.

Nikachagua Dar es Salaam, nikaweka 10:00, yaani saa nne. Wakafanya wote. Aliyeongoza alipata 7.

Mwakilishi wa darasa akaja ofisini na simu mkononi. "Mkufunzi, tazama swali la nne." Lilikuwa rahisi: lipi ni nomino kati ya meza, upendo na Morogoro, na la mwisho "Yote hapo juu". Ila nilikuwa nimewasha kuchanganya majibu ili wasichunguliane, na kwake "Yote hapo juu" limepanda likawa A. Juu yake hakuna kitu ila swali lenyewe. Kwa jirani yake lilikaa la tatu, Morogoro ikabaki chini, naye kwa akili timamu akalikwepa. Moodle inakuruhusu kuzima mchanganyo kwa swali moja moja. Hii inachanganya yote au haichanganyi kabisa.

Kwenye majibu fupi ndiko kulikuwa na msiba. Wingi wa ukuta: ufunguo wangu "kuta". Simu huanza na herufi kubwa bila kuulizwa, na ukigusa neno inalokupendekezea, inaongeza nafasi tupu nyuma yake. Kwa programu ile, "Kuta" yenye kijinafasi na "kuta" ni maneno yasiyojuana. "Ni kuta", sifuri. "kuta" yenye nukta, sifuri. Kisha wingi wa ua: mimi nimeandika "maua", binti mmoja kaandika "nyua", kama zile za nyumba. Yuko sahihi, na aliyemfundisha ni mimi. Nikatafuta pa kuweka jibu la pili, hapakuwepo. Kitufe cha kubadilisha alama kwa mkono kilikuwepo, kimefungwa kufuli dogo la njano: lipia kwanza. Kupakua majibu, kufuli lile lile. Maana yake ni majibu 580, nikiyasoma kwa macho kwenye skrini na daftari pembeni.

Kabla sijaanza, nikataka kumthibitishia mwakilishi kwamba mwenye kujua anaweza kufaulu. Nikafungua kiungo kwenye simu yangu, mbele yake, nikajibu maswali yangu mwenyewe yote 20.

Nilipata 9. Karatasi za rangi hazikumwagika. Skrini iliandika: jitahidi zaidi.

"Pole, Mkufunzi," akasema, akanivutia kiti.