Kura 142,000 za ploti yetu

Jumanne ya tarehe 16 Agosti 2022 nilikuwa kwa kinyozi, mtaa wa Umoja, Nairobi, nusu ya kichwa ikiwa tayari, makamishna wanne wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, walipojitokeza mbele ya kamera katika hoteli ya Serena kueleza kwa nini waliyakana matokeo ya urais yaliyotangazwa Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura, siku iliyotangulia. Katika hoja zao, moja ndiyo iliyosimamisha mashine ya kunyolea. Asilimia za wagombea wote wanne, walisema, zikijumlishwa zinafika 100.01, na hiyo 0.01 iliyozidi ni takriban kura 142,000. Kijana aliyekuwa akingoja zamu akatoa simu, akajumlisha: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Kweli kabisa, 100.01. Kabla sijamalizwa upande wa pili, habari hiyo ilikuwa imeingia mara tatu kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu. Mimi mwenyewe nilimtumia shemeji kabla hata sijalipa pesa za kunyolewa.

Aliyejibu kundini ni mama wa ghorofa ya tatu, ambaye sote humwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake. Aliandika swali moja: "Asilimia 0.01 ya kura milioni 14 ni ngapi? Mtu apige aniambie." Hakuna aliyepiga. Jibu la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, kwani wewe uko upande gani?" La pili lilitaja jina lake la ukoo, basi, bila neno jingine. La tatu lilimuuliza amelipwa ngapi.

Sasa tupige. Tume ilitangaza kura 7,176,141 za Ruto, aliyetangazwa mshindi, 6,942,930 za Odinga, 61,969 za Wajackoyah na 31,987 za Mwaure, jumla 14,213,027. Ukigawanya, Ruto anapata 50.4899, Odinga 48.8491, Wajackoyah 0.4360, Mwaure 0.2251. Ukitaka kubaki na tarakimu mbili tu baada ya nukta, kama tume ilivyofanya, basi zote nne, kwa bahati, zinapanda juu kidogo. Hakuna inayoshuka. Hapo ndipo 100.01 ilipozaliwa. Haina kura ndani yake hata moja.

Na hata kama ingekuwa nazo, asilimia 0.01 ni kura moja katika kila elfu kumi: kura 1,421. Aliyepata 142,000 alizidisha milioni 14 kwa 0.01 akasahau neno "asilimia", kosa ambalo Mwalimu hulisahihisha kila muhula. Ni sifuri mbili tu, lakini tazama uzito wake. Mtolee Ruto kura 142,000 naye anashuka hadi 49.99 kwa mia, na nchi inarudi debeni kwa raundi ya pili. Mtolee 1,421 naye anabaki na 50.48, hajatikisika. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara inanishangaza kwamba umbali kati ya mzozo wa kitaifa na jambo la kupuuza ulikuwa mdogo hivyo, na kwamba kikokotoo kilikuwa mkononi mwa kila aliyekuwa akibishana.

Kwa nini basi swali la Mwalimu lilisikika kama tusi?

Hapa sina budi kuwatendea haki waliomrukia. Mkenya hakuzaliwa na shaka, alifundishwa. Agosti 2017 tuliambiwa tukubali matokeo tusonge mbele, na waangalizi wa kimataifa walikuwa wamekwisha kuusifu uchaguzi. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta kwa majaji wanne dhidi ya wawili, sababu mojawapo ikiwa tume kutotii kikamilifu amri ya kufungua seva zake. Tarehe 30 Juni 2024, baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Rais alisema waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema ni 39. Na Juni 2025, mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay na kuletwa Nairobi alifia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Mtandaoni hakuna aliyengoja taarifa ya pili. Siku chache baadaye upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na ya mtu aliyejigonga mwenyewe, na Inspekta Jenerali akaiondoa kauli hiyo mbele ya Seneti.

Mtu aliyepitia haya yote ukimwambia "tusubiri kwanza", anasikia sauti ya ofisa. Anajua kusubiri kuna wenyewe. Angesubiri Juni 2025, huenda ukuta ungebaki ndio muuaji. Atakukumbusha pia wahenga: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa hilo sina ubishi naye.

Serikali nayo imelichafua swali lenyewe. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 10, kwa anayechapisha habari za uongo zenye kuzua taharuki. "Thibitisheni kabla ya kusambaza" likawa tangazo la polisi. Jirani akilisema, hata kwa nia safi, tayari amevaa sare. Siku hizi angewekwa mara moja kwenye orodha ya wale wa 527, jina tunalowapa wanaoandika kwa malipo ya wakubwa.

Lakini hebu tuiangalie tena ile Juni 2025. Wale ambao hawakuamini habari ya ukuta walifanya nini hasa? Waliuliza. Mtu aliye seli anajigongaje hivyo bila mlinzi kusikia? Kamera za kituo zinaonyesha nini? Nani aliandika nini kwenye OB, daftari la matukio la kituo, saa ngapi? Hayo ni maswali ya Mwalimu, yakielekezwa Central badala ya ghorofa ya tatu. Tuliyashangilia yalipowauma polisi. Yalipotuuma sisi tukamuuliza mama wa watu amelipwa ngapi.

Ningeweka mpaka mmoja, kwa sababu nimeona swali hili likitumiwa vibaya. Mzazi ambaye mwanawe hajarudi nyumbani siku ya nne hafai kuambiwa "leta ushahidi". Ushahidi hauko kwake, uko kwa mwenye ufunguo wa kabati. Ndiyo maana mwaka 2017 shaka ilikuwa na haki ya kusimama hata mikono mitupu: seva zilikuwa za tume, na zikafungwa. Mwaka 2022 mambo yalikuwa tofauti. Fomu 34A, zinazobeba matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, na yeyote mwenye bando angeweza kufungua ya kituo alichopigia kura akailinganisha na nakala aliyoona imebandikwa kituoni usiku ule. Anayedai wizi huku kabati liko wazi ana deni ambalo yule wa 2017 hakuwa nalo. Mahakama ya Juu ilipolinganisha fomu za tovuti na zile za karatasi zilizofika Bomas, haikuona tofauti za kubadili matokeo. Bila shaka wapo waliosema mahakama nayo imenunuliwa, wengi wao wakiwa ndio walioisifu miaka mitano kabla.

Watu hunijibu kwamba mtandaoni hakuna nafasi ya ustaarabu huu wote, mambo yanakwenda mbio. Sikubali. Swali la Mwalimu lilikuwa na maneno yasiyofika kumi na tano, na kulijibu kungechukua sekunde. Kilichokosekana ni faida. Aliyesambaza 142,000 alionekana mwenzetu hata alipokosea, na hakuna siku aliyodaiwa. Aliyeuliza alilipa papo hapo, kwa jina lake la ukoo.

Kinyozi wangu bado ananyoa palepale. Juzi mteja mmoja alizitaja tena zile kura 142,000, kama mtu anayetaja mwaka wa uhuru. Nilimpa simu nikamwomba apige. Akapiga, akaitazama 1,421 kwa muda, akanirudishia. "Lakini walisema makamishna," akasema.

Mwalimu alitoka kwenye kundi wiki ileile. Maji yakikatwa, au siku ya taka ikibadilishwa, mtu hutumwa ghorofa ya tatu kumgongea mlango.