Gamba la kobe halipakwi mafuta

Kuna tabia imeota mizizi hapa Dodoma, nami naipinga waziwazi: kumpaka kobe mafuta ya alizeti mgongoni ili ang'ae. Wengine hutumia dawa ya viatu. Nimeona hata waliopakwa rangi ya mafuta, ile ya mageti, na namba ya nyumba ikaandikwa juu yake. Ukimuuliza mwenye kobe, atakwambia gamba lilikuwa limepauka na kuingia mabaka, halipendezi machoni pa wageni.

Gamba likibadilika rangi, kobe ni mchafu, anazeeka, au anaumwa. Kazi ya anayemfuga ni kujua ni lipi kati ya hayo. Ukishampaka kitu, hutajua tena.

Wengi wanalichukulia gamba kama nyumba aliyojibebea, kitu cha nje kisicho na uhai. Sivyo. Gamba ni mfupa. Uti wa mgongo na mbavu zake vimeungana nalo, na juu ya mfupa huo kuna vipande vya keratini, dutu ileile iliyomo kwenye kucha zetu. Chini ya vipande hivyo inapita damu, na mishipa ya fahamu ipo. Ukimkwaruza anasikia. Kobe anayekua huongeza gamba jipya kwenye maungio ya vipande, ndiyo maana utaona mistari myeupe hapo. Hiyo ni dalili ya kukua, si ugonjwa. Rangi ya geti ikikaukia kwenye maungio hayo, inaziba palepale panapokua, na kemikali zake ni sumu kwa mnyama anayetembea nayo usiku na mchana.

Kabla ya kuwa na wasiwasi, mwoshe. Chukua karai, maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Sabuni ya nini? Wacha akauke, kisha mtazame mchana nje. Vumbi letu jekundu litatoka lote. Ukungu mweupe unaobaki baada ya maji kukauka mara nyingi ni chumvi tu. Maji ya visima vingi vya hapa ni magumu, na asiyeamini atazame ndani ya birika lake. Halafu kuna umri. Kobe tunayemwona zaidi huku kwetu, mwenye madoadoa, ambaye wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis, akiwa mdogo ana njano na nyeusi za kukolea. Miaka ikienda, michoro ile inafifia mpaka mzee anakuwa na rangi ya kijivu au kahawia. Huyo haumwi. Kumrudisha ujanani kwa chupa ya alizeti ni kumsumbua bure.

Kinachonitia uchungu ni kile kinachofichwa. Mama mmoja, jirani yangu wa huku Nkuhungu, aliniita nikamwone kobe wake. "Mwanangu, hebu muone alivyotakata." Kweli aling'aa. Nikamwomba, "Mama, naomba nimwinue nimtazame na chini." Mafuta yalikuwa yamenata vumbi na kinyesi cha kuku, yakafanya utando mzito pembeni mwa gamba. Tulipofuta kwa kitambaa chenye maji, karibu na mguu wa nyuma likatokea baka la kahawia la ukubwa wa sarafu. Nikaligusa kwa kidole gumba, likabonyea. Kipande kikainuka ukingoni, pakatoka majimaji yenye harufu ya kuoza. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana hali. Nilidhani amenuna."

Huo ndio uozo wa gamba. Bakteria au kuvu huingia penye ufa au mkwaruzo, hasa kobe akilala kwenye unyevu na uchafu, na kwa Dodoma hiyo ni kati ya Desemba na Aprili, banda la kuku linapogeuka tope. Daktari wa mifugo aliondoa sehemu iliyokufa, akasafisha kwa ayodini iliyochanganywa na maji, akaagiza kobe akae pakavu. Alipona. Kishimo kimebaki na hakitaondoka.

Lipo baya zaidi ya hilo: wekundu unaosambaa chini ya vipande, hasa tumboni. Inaweza kuwa maambukizi yameshaingia kwenye damu. Hapo usisubiri wiki ijayo.

Gamba lote likilegea, shida ni nyingine, ni mifupa kukosa kalsiamu. Mwili wa kobe unahitaji vitamini D3 ili kuitumia kalsiamu, na D3 hiyo anaitengeneza kwa miale ya urujuanimno ya jua. Miale hiyo inazuiwa na kioo cha dirisha. Mji wenye jua kama huu, bado kobe anafungiwa stoo na kulishwa ugali na wali uliobaki! Mpe ukoka, majani ya porini, mchunga, mpungate uliotolewa miiba. Mpe na kivuli, maana mwenye haki ya jua ana haki ya kulikimbia, na kobe mdogo apate mahali penye unyevunyevu pa kujificha wakati wa kiangazi. Hewa kavu mno humfanya vipande viinuke, kila kimoja na kilele chake, na havirudi tena.

Kobe aliyelegea gamba usimchanganye, lakini, na kobe bapa wa miambani, Malacochersus tornieri. Huyo kaumbwa na gamba jembamba linalobonyea ili ajipenyeze kwenye nyufa za mawe, na anapatikana kwenye miamba ya huku katikati ya nchi. Tangu mwaka 2019 amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Ukimkuta, mwache palepale. Hata huyu wa madoadoa ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na mimi naona aliyemwokota barabarani apite ofisi ya maliasili kabla ya kupita dukani kununua chochote cha kumpaka.

Aliyeunguzwa na moto wa kusafisha mashamba, au kukanyagwa na bodaboda, naye asizibwe ufa kwa gundi. Uchafu unabaki ndani. Gamba lililoungua linaweza kuendelea kubanduka wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo apelekwe hata kama leo anaonekana mzima.

Na ukimpeleka, jambo moja usilisahau. Sisi ni watu wa ng'ombe na mbuzi, na sindano iliyo karibu kila mahali ni aivamektini, ile ya minyoo na wadudu. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri. Kwa kobe ni sumu, inampoozesha na inaweza kumuua. Mwambie daktari wazi asimchome hiyo, kabla hajavuta dawa kwenye bomba. Akiona hana uzoefu na kobe, mwombe kwa heshima awasiliane na wenzake wa tiba ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na uwe na picha tayari: mgongo, tumbo na pembeni, zilizopigwa mchana, gamba likiwa kavu na halijapakwa kitu.