Shela, Takwa au barazani: Jumamosi na watoto wadogo Lamu

Ijumaa usiku, baada ya Isha, mashauri ya nyumba nyingi za Lamu hufanana. Watoto wanataka Shela, kijiji cha pwani ya mchanga nje ya mji. Baba asema tutakwenda. Mama, ambaye ndiye atakayefunga mkoba na kukung'uta mchanga kwenye matandiko, hajibu upesi. Na bibi auliza: huyu wa miaka miwili mwampeleka juani akafanye nini, naye hata hatakumbuka?

Swali la bibi si la kupuuzwa. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Basi mzazi anayetoka ili mtoto apate kumbukumbu anajiwekea picha yeye mwenyewe. Si kosa, ila lijulikane.

Tena mtoto wa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, si mtoto wa fleti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate walau dakika 180 kwa siku za kuutumia mwili, na kwa wa miaka mitatu na minne dakika 60 kati ya hizo ziwe za mbio na kuruka. Mtaa ambao gari halipiti, ambao mtoto huenda chuoni kusoma Kurani kwa miguu, hutumwa dukani na kupanda ngazi za nyumba mara ishirini kwa siku, humfikisha hapo bila kuvuka maji. Mwongozo huo huo wataka wa mwaka mmoja na miwili alale jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa mitatu na minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Matembezi ya kutwa huula usingizi huo, na kilio cha Jumamosi magharibi ndicho malipo yake.

Lakini upande wa kubaki una tundu moja kubwa, nalo ni simu. Mwongozo hautaki mtoto wa chini ya miaka miwili akae mbele ya kioo hata kidogo, na wa miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Tukisema kweli, "kupumzika nyumbani" mara nyingi ni katuni tangu chai mpaka adhuhuri. Kubaki kukiwa ndiko huko, hoja ya bibi yapoteza nusu ya nguvu yake. Kisha kuna bahari yenyewe. Mtoto wa kisiwani aliyeiona kutoka gatini tu hajui kwamba maji yaliyokuwa kwenye kifundo cha mguu yanaweza kuwa kiunoni baada ya saa mbili, wala kwamba mchanga ulio mgumu hapa ni tope pale. Hilo hufunzwa na nyayo, hotuba hailifikishi. Na kutokumbuka siku hakumaanishi siku haikuacha kitu: hakuna akumbukaye alivyojifunza kutembea.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishana juu ya wapi, na jambo lenyewe ni lini. Kalenda ya mwezi mwandamo iliyotundikwa ukutani hujibu zaidi kuliko umbali wa safari.

Hesabu yake ni hii. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi, mara zikipungua mara zikizidi. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapotimia, maji hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa karibu saa nne u nusu au saa tano mchana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne au saa tano asubuhi, ila kujaa kwenyewe ni kudogo na mkondo ni mlegevu. Mwandamo ukitofautiana kwa siku moja saa nazo husogea, kwa hivyo atakaye uhakika na amuulize nahodha au atazame jedwali la maji. Lakini kwa kupanga Jumamosi hesabu hii yatosha.

Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu. Mtu mzima hutumia dakika 40 au 45. Mwenye mtoto wa miaka mitatu aweke saa moja na nusu, kwa sababu mtoto husimama kwa kila punda na kila mashua. Njia ya pwani hufunikwa maji yanapojaa, nawe hulazimika kupita ndani, mchangani, au kuvua viatu na kuloweka mkoba. Kwa hivyo Shela ya miguu ni ya siku za bamvua: toka saa moja kasorobo, maji yamekwisha kuanza kutoka, ufike pwani inapanuka na mchanga ungali mgumu na baridi, urudi saa nne kabla jua halijawa kali. Kwenda na kurudi ni kukavu. Ukijaribu hivyo hivyo siku ya maji mafu utakwenda vizuri, na wakati wa kurudi utakutana na maji yanayojaa, mtoto amechoka, wewe umebeba.

Kubeba kwenyewe ni kwa mbeleko. Gari la mtoto la magurudumu huzama mchangani hatua ya kumi, na katika vichochoro hugongana na punda aliyebeba mawe ya matumbawe. Leso mbili zatosha: moja ya kumfunga mgongoni, ya pili ya kufunika kichwa, kutandika, kupangusa na kusitiri kunyonyesha. Punda akija, mtoto awe upande wa ukuta na mkubwa awe kati, wala asipitishwe nyuma ya mnyama.

Wanaotetea boti husema kwa nini mateso yote hayo, na dakika kumi hivi kutoka gatini umefika? Wana haki, hasa wenye watoto wawili wa chini ya miaka minne. Ila boti ina masharti ambayo kwa miguu hayapo. Jaketi la kuokolea ni la kwanza, nalo liwe la kipimo cha mtoto. Jaketi la mkubwa akivishwa mdogo huelea lenyewe, mtoto akachopoka chini. Jaribio ni rahisi: mvishe, funga vifungo vyote, kisha mnyanyue kwa kushika jaketi mabegani. Likipanda likafika masikioni, si lake. Liwe na ukanda wa kupita katikati ya miguu, na la mtoto mchanga liwe na mto wa kuinua kichwa. Boti nyingi za abiria zina majaketi ya watu wazima tu, kwa hivyo mwenye uwezo anunue lake la mtoto akae nalo nyumbani. Lingine ni kupanda na kushuka: mkubwa mmoja hutangulia, mtoto hupokezwa mikono kwa mikono, na hapana anayeruka naye kifuani.

Kuogelea ndiko kunakochanganya watu. Siku ya bamvua pwani ni pana na nzuri kwa kuchimba, kwa hivyo wazazi hudhani ndiyo siku ya kuogesha watoto. Sivyo. Mkondo wa kati ya Lamu na kisiwa cha Manda siku hizo huwa na nguvu, hasa maji yakiwa nusu, na upande wa bahari kuu mawimbi hupiga moja kwa moja. Siku ya maji mafu asubuhi, maji hujaa polepole na mkondo umelegea. Hiyo ndiyo siku ya kuingia majini na watoto. Kwa ufupi wake: bamvua kwa miguu na mchanga, maji mafu kwa boti na kuoga. Hata hivyo mtoto wa chini ya miaka mitano awe na mkubwa wake mmoja, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na mkubwa huyo simu aiache kwenye mkoba. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Hunyamaza, na dakika moja au mbili hutosha. Ikumbukwe pia kwamba kutoka Shela hadi Hospitali ya King Fahd mjini hakuna gari la kukimbilia barabarani. Msaada wenyewe hutegemea boti.

Takwa ni habari nyingine. Ni magofu ya mji ulio Manda, ulioachwa mwishoni mwa karne ya 17, na masimulizi husema wenyeji wake walivukia Shela. Una msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, mibuyu, na uwanja mpana wa kukimbia. Mtoto wa miaka sita hupaona kama kisa. Wa miaka miwili huona mawe, na mawe ya Lamu anayo tele mlangoni kwao.

Ugumu wa Takwa ni mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko: boti huingia maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa, mnashuka topeni au mnangoja maji mengine, saa nyingi. Siku ya bamvua maji hujaa alasiri, basi mtaingia saa tisa na kutoka jua linakuchwa, saa ya mbu wa mikokoni, na kurudi gizani na watoto waliolala. Siku ya maji mafu maji huja asubuhi ila huenda yasitoshe kina. Wakati ulio bora na watoto ni siku ya 4 hadi ya 6 ya mwezi mwandamo, na ya 19 hadi ya 21: maji hujaa kati ya saa mbili na saa tatu u nusu asubuhi, na bado yana urefu. Toka saa moja, ingia na maji, kaa saa moja au moja u nusu, saa nne uwe njiani. Siku hizo zikikutana na Jumamosi au Jumapili ni mara moja kwa mwezi, mara mbili ukibahatika, na chuo cha asubuhi kikiwepo zapungua tena. Ndiyo maana hukumu yangu ni kuiacha Takwa mpaka mdogo wa nyumba afike miaka minne. Wakubwa wanaweza kwenda na mjomba.

Mkunguni, uwanja wa mjini mbele ya Ngome, hausifiwi unavyostahili. Kuna kivuli, kuna wazee, kuna punda wa kuhesabu, na nyumbani ni dakika tano. Ngome yenyewe, iliyokuwa jela mpaka 1984, ina uwazi ndani ambao mtoto hukimbia bila kutoka. Kwa wiki ambayo maji hayakubali, hapo panatosha kabisa.

Kuhusu mkoba, makosa yanayorudiwa ni yale yale. La kwanza ni wali wa nazi. Uliopikwa alfajiri na kufungiwa ungali moto huchacha kabla ya adhuhuri, na tumbo la Jumapili hutokana nao. Heri mkate wa mofa, mayai ya kuchemsha yaliyo na maganda yake, ndizi, na tende zilizotolewa kokwa. Mabuyu na njugu ni vya wakubwa: mtoto wa chini ya miaka minne hupaliwa navyo, na mbegu ya buyu yenye sukari huteleza vibaya kooni. Maji, nusu lita kwa kila mtoto kwa asubuhi moja na chupa ya akiba, yanywewe kidogo kidogo kila robo saa bila kungoja aseme ana kiu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hapewi maji hata jua likiwaje. Hunyonyeshwa mara nyingi zaidi, kivulini. Na kivuli pwani ya Shela ni cha kubeba mwenyewe, mwavuli au shuka na vijiti viwili, kwa sababu matuta ya mchanga hayana miti.

Mtoto akilegea, midomo ikakauka, akalia bila machozi au akapitisha saa sita bila kukojoa, safari imekwisha. Kivulini, kitambaa cha maji shingoni na kwapani, na maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa sawa. Chumvi ikizidi hapo hudhuru, kwa hivyo pakiti ya duka la dawa ni salama kuliko kukisia. Asipochangamka au akatapika kila anachopewa, ni hospitali.

Limebaki la mama kunyamaza. Mara nyingi hesabu ya matembezi huandika nauli na soda, haiandiki saa mbili za kupika kabla ya alfajiri, kuosha chupa, kufua leso tatu zenye chumvi. Wanaosema kutoka ni mapumziko ya familia wangetaja ni mapumziko ya nani. Dawa yake ni kugawana: Jumamosi ya bamvua baba aende Shela na wawili wakubwa, yeye mwenyewe afunge mkoba na yeye mwenyewe aufungue. Wiki ya kwanza atasahau nguo ya kubadilisha. Wiki ya pili mkoba wake utakuwa mzito kuliko wa mama. Mdogo abaki na mama, walale mchana wote wawili, na bibi apate wa kuzungumza naye.