Jioni ya "Ziwa": mada imewasaidia chipukizi au imewafunga mikono?

Vijana wa Kigoma waliandaa jioni ya sanaa ya mchanganyiko: mashairi, muziki, ngoma, vichekesho na picha za kuchora. Wote chipukizi, na kila mmoja alitakiwa aje na kazi mpya inayohusu mada moja, Ziwa. Nilikuwepo. Tangu siku hiyo ubishi haujaisha hapa kwetu Mwanga, Kigoma mjini.

Wanaoipinga mada wana hoja nzito. Nchi hii ina mazoea ya zamani ya kumwagiza msanii la kusema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera, alizozivumisha Mathias Mnyampala, zilienea mashuleni zikihubiri Ujamaa, na mpaka leo mtoto akiambiwa atunge shairi la mgeni rasmi, vina hukaa sawa ila pumzi haimo. Jioni ile hayo tuliyaona. Mshairi mmoja alitueleza kwamba Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na kwamba tunaligawana nchi nne, akashuka jukwaani. Kweli tupu, lakini jiografia tulishasoma.

Wengine wanauliza: mwenye ndoto ya kufika Dar atafanya nini na wimbo wa dagaa? Swali halali. Mwaka 2012 wanamuziki wenye asili ya huku walipoungana kama Kigoma All Stars, wengi walikuwa wameshajipatia majina Dar es Salaam. Nyumbani walikuja kupaimba baadaye.

Hata hivyo mimi naegemea upande wa mada, na sababu yangu ni ndogo kama flashi. Maonyesho mengi ya chipukizi huenda hivi: kijana anampa DJ flashi, wimbo unapigwa na sauti yake imo ndani, yeye anarukaruka akichezesha mdomo. Pleibeki. Sasa nani alikuwa na wimbo wa ziwa ulioshatoka studio? Hakuna. Ikabidi waimbe kwa koo zao wenyewe.

Binti mmoja alipanda na mpiga gitaa tu. Akakosea kuingia, akasimama, akasema, "Turudi mwanzo, kaka." Ukumbi uliokuwa ukipiga soga ukanyamaza. Aliimba ile miezi mitatu ya mwaka 2024, ziwa lilipofungwa, uvuvi ukasimama kuanzia Mei 15: mama muuza dagaa wa Kibirizi anatandika kanga juu ya chanja tupu ili asizione mbao zilivyokauka. Hakusema kufunga ziwa kulikuwa kosa, wala hakusema kulikuwa sawa. Mada ingekuwa "Tutunze Ziwa Letu", wimbo ule usingezaliwa, maana jibu lingekuwa limeshaandikwa kwenye bango. Ziwa ni kitu. Kila mtu aliingia kwa mlango wake.

Waliopunjika ni wachoraji. Picha zao, mojawapo ya meli kongwe MV Liemba ikiwa imeinama kidogo kama mzee anayetafuta miwani, zilitundikwa nyuma ya spika, watu wakazipita wakifuata soda. Hilo si kosa la mada. Ni la mpangaji wa ukumbi, na dakika tano za kumsimamisha mchoraji jukwaani zingetosha.

Awamu ijayo mada ni Reli. Mjumbe mmoja amependekeza iongezwe "na Maendeleo". Nimeomba maneno hayo mawili yafutwe.