Dada wa Bibi Ni Bibi

Mwaka jana, asubuhi ile ile aliyofariki dada mkubwa wa bibi yangu, niliingia ofisini kwetu hapa Lubumbashi kuomba siku za msiba. Nikapewa fomu. Penye nafasi ya undugu niliandika grand-mère, yaani bibi, au kambo kama tunavyosema huku. Karani, kijana mpole aliyenipa pole mara mbili, akafungua faili langu, akasema: "Mama, kambo yako ulimzika 2009. Huyu ni grand-tante, dada wa bibi. Sheria haimhesabu."

Hakukosea. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 hupima msiba kwa daraja za undugu, nayo inaishia daraja la pili. Bibi yuko daraja la pili. Ukitaka kumfikia dada yake, sharti upande hadi kwa mama yao, ndipo ushuke tena: daraja la nne. Nilichukua siku zangu za likizo ya mwaka, nikaenda kumlilia kambo yangu.

Kambo ndilo jina letu la bibi na babu huku Katanga, nasi tulikuwa na makambo watatu wa kike, wa tumbo moja. Hakuna mtu aliyetueleza utotoni kwamba mmoja ndiye wa kweli na wawili ni wa pembeni. Kama dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, dada wa bibi atakuwa nani kama si bibi?

Huyu mkubwa tulimwita Kambo Sindano. Baba yao alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, na kwenye kambi ya wafanyakazi kulikuwa na foyer social, mahali masista walipowafundisha wanawake na mabinti kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Alitoka huko na Kifaransa chake cha aina yake, kilichokaa zaidi mikononi kuliko mdomoni. Akifuma sweta alihesabu kwa sauti ndogo, une à l'endroit, une à l'envers, na sisi tuliokaa mkekani tulidhani ni sala. Rozari aliisali kwa Kifaransa. Kitambaa kikiharibika alilalamika kwa Kiswahili. Na usiku, alipodhani tumelala, aliongea na Mungu kwa Kiluba, polepole, kama mtu anayemweleza jirani habari za siku.

Mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, Kambo Sindano alichukua jina la bibi yake mzaa mama na likaandikwa kwenye kitambulisho. Lakini mlango ukishafungwa, bibi aliendelea kumwita kwa jina la ubatizo. Nyuma ya picha zao za zamani majina yale yapo bado, kwa wino wa bluu, mwandiko wa shule ya masista.

Hakujaliwa kuzaa. Kwa hiyo, ukifuata karatasi, hana mtoto wala mjukuu. Lakini miaka ya 1990, mshahara wa babu ulipokaa miezi bila kufika, cherehani ya Kambo Sindano ndiyo iliyotulisha. Alishona sare za shule za mtaa mzima: shati jeupe, sketi ya bluu. Karo ya mama yangu ya miaka ya mwisho ya sekondari ilitoka kwenye mashine ile, na yangu ya shule ya msingi pia. Kikwembe, yaani kitenge, alichofungiwa mama aliponibeba mgongoni kilitoka kwenye sanduku lake. Ni daraja gani hilo? Mimi naliita la kwanza.

Wa tatu, mdogo wao, ni Kambo Kikanda. Yeye shule hakuiona. Kikanda ni chakula chetu cha Katanga, na wenzetu wa Zambia wanacho pia: viazi vidogo vya okidi za porini hukaushwa, hutwangwa hadi vikawa unga, huchanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi, kisha hupikwa kwa moto mdogo hadi vishikamane kama mkate mzito wa rangi ya udongo. Unakata kipande, unakula mkononi. Siri yote iko kwenye magadi: yakizidi kinakuwa kichungu, yakipungua hakishikani. Kambo hakuwa na kipimo. Alionja kwa ncha ya kidole, akanyamaza kidogo, akaongeza au akaacha. Tulipotoka shule tulimkuta na beseni lake mlangoni pa soko, na vile vipande vya pembeni, vilivyokatika vibaya, vilikuwa vyetu. Mpaka leo navipenda vya pembeni kuliko vya katikati.

Kinachoniuma ni kwamba si karani tu anayehesabu hivi. Tumeanza wenyewe, nyumbani kwetu. Katika familia zetu zinazoongea Kifaransa, neno tantine limemeza kila mtu. Dada wa mama, tantine. Dada wa baba, tantine. Mke wa mjomba, tantine. Lakini mama mdogo na shangazi hawana kazi moja. Shangazi ndiye anayekaa upande wa baba kwenye mazungumzo ya mahari, ndiye mwenye haki ya kumsema baba yako bila kujibiwa. Mama mdogo ndiye unayekwenda kulala kwake ukigombana na mama. Ukiwaita wote kwa neno moja, mtoto hajui tena amwendee nani kwa jambo gani. Na dada wa bibi, akishakuwa grand-tante, anageuka mgeni wa sikukuu.

Sisemi tukiache Kifaransa. Ni lugha ya shule yangu, ya kazi yangu, na ya rozari ya Kambo Sindano, naipenda. Nasema undugu tusiuandike kwa lugha hiyo peke yake. Mwezi uliopita binti yangu alileta kazi ya shule, mti wa familia, wenye visanduku vinne tu kwa mabibi na mababu. Tulichukua rula, tukaongeza viwili upande wa kushoto, tukaandika ndani yake kambo, kambo. Mwalimu aliuliza, binti akaeleza, mwalimu akavikubali.

Kambo Kikanda yuko hai. Macho yamepungua nguvu, beseni ameliachia mjukuu wa jirani, lakini kidole cha kuonja bado anaitiwa. Jumapili tukifika anatupokea na Kifaransa chake chote, alichojifunza kwa kuwasikiliza dada zake: "Tu as mangé?" Umekula? Kisha, kabla sijajibu, anageukia jikoni na kuita kwa Kiswahili: "Leteni maji, wanawe mikono."