Mimi Ndiye Maeneo Machache

Jamani, hebu nisaidieni. "Vipindi vya jua, na mvua katika maeneo machache." Sentensi hii nimeisikia kila jioni wiki nzima, mtangazaji akiitamka kwa tabasamu la mtu ambaye hajaanika kitu. Nataka kujua hayo maeneo machache yako wapi, maana nimeanza kushuku kwamba yana anwani, na anwani yenyewe ni yangu.

Kisa ni blanketi. Blanketi zito la sufu, limelala kabatini tangu joto lianze, sasa linanuka kabati. Mama watoto akasema lifuliwe kabla baridi haijashika. Kulifua si kazi: unalitia kwenye beseni kubwa, unalikanyaga, unajuta. Kulikausha ndiko kunakotaka elimu. Likilowa halibebwi na mtu mmoja, na linataka siku mbili za jua lisilo na mzaha. Basi nikageuka mtabiri.

La kwanza nililogundua ni kwamba hata vuli yenyewe haijulikani inaanza lini. Kwa Kiswahili nilicholelewa nacho, vuli ni mvua, ukiitaja watu wanatafuta majembe. Huku kaskazini ninakoishi, vuli ni majani kupukutika, na wenyewe hawajaafikiana. Wataalamu wa hali ya hewa wanaianza tarehe 1 Septemba, ili miezi yao mitatu mitatu ikae vizuri kwenye hesabu. Wanafalaki wanangoja tarehe 22 au 23, jua likiwa juu ya ikweta. Sasa hizo wiki tatu za katikati mtu anavaa nini? Asubuhi ni nyuzi 6, natoka na sweta, koti na skafu. Saa nane mchana ni nyuzi 21, nguo zote nimezibeba mkononi, na pale kituo cha basi kuna mama ameniuliza bei.

Jumatatu utabiri ulisema jua. Nisiwasingizie, jua lilikuwepo, ila lilikuwa juu ya ukungu, na sisi tulikuwa chini yake. Usiku siku hizi umerefuka. Anga likiwa wazi, ardhi inaachia joto lake lote liende zake, hewa yenye unyevu inapoa pale chini, na asubuhi bonde zima limejaa kama bakuli. Nyumba yetu iko bondeni. Miezi miwili iliyopita jua lingeufukuza ukungu huo kabla ya chai, lakini jua la Septemba ni kama mfanyakazi aliyeshaandika barua ya kuacha kazi: kila siku linakata karibu dakika 4, na kwa saa zinazobaki linatutazama kwa pembeni. Ukungu ulitoka saa saba. Nilianika maji, nikaanua maji zaidi.

Jumanne, asilimia 40. Hapa ndipo tulipokosana mimi na simu. Ina programu tatu za hali ya hewa. Ya kwanza inasema 40, ya pili 20, ya tatu imeweka picha moja yenye jua, wingu na matone kwa pamoja, kama mtu anayekuambia chagua mwenyewe. Nikauliza, asilimia 40 ndiyo nini? Nikaelezwa kwamba ukichukua siku kumi zenye utabiri kama huo, nne zitanyesha. Sawa. Lakini mimi sina siku kumi, nina Jumanne moja. Na blanketi halilowi kwa asilimia 40. Likilowa limelowa.

Kwa hasira nikaanza kusoma. Kumbe mwaka 1961 Mmarekani mmoja, Edward Lorenz, alikuwa anaendesha hali ya hewa ya kubuni ndani ya kompyuta. Akataka kurudia sehemu, na badala ya kuandika 0.506127 akaandika 0.506. Aliporudi akakuta hali ya hewa nyingine kabisa, haifanani hata na jirani wa ile ya kwanza. Tarakimu tatu za mwisho tu! Nilipofika hapo nikamwonea huruma mtangazaji, kwa dakika mbili hivi. Ndiyo maana siku hizi hesabu inapigwa mara nyingi, kila mara mwanzo wake ukichezewa kidogo, kisha wanatazama ni ngapi zimetoka na mvua. Zikikubaliana wanasema kwa sauti kubwa. Zikigombana wanasema "maeneo machache".

Jumatano nikaanika. Sikiliza sasa. Saa tisa alasiri barabara nzima ilikuwa kavu. Jirani wa kushoto yuko nje anapaka rangi dirisha, kavaa miwani ya jua. Likaja wingu dogo, jeusi chini, jeupe juu, lisilo na haraka. Likafika juu ya kamba yangu. Likasimama. Nakuapia likasimama. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakipiga sufu yanatoa sauti ya tof, tof, na kila lilipotua alama yake ilikuwa na upana wa kidole gumba. Nikakimbia na mguu mmoja wa kandambili. Nilipofika kwenye kibanio cha tatu, mvua ikaisha. Nikatazama ng'ambo ya ua: rangi ya dirisha la jirani inakauka vizuri. Akanipungia brashi.

Nikarudi kusoma, tena kwa hasira zaidi. Eti mtambo wa kutabiri unaikata dunia vipande vya mraba, kila kimoja na upana wa kilomita kadhaa. Wingu dogo la manyunyu linaweza kupita ndani ya kipande kimoja na mtambo usiliangalie mara mbili. Kwa hiyo utabiri wa kanda ulikuwa sahihi kabisa! Kanda ilipata jua. Na maeneo machache nayo yalipata mvua yake, nikiwa nimeyavalia kandambili moja.

Alhamisi siizungumzii sana. Septemba ndiyo kilele cha vimbunga vya Atlantiki, na kimojawapo kilishajifia baharini, mabaki yake yakaamua kututembelea. Kitu cha namna hiyo kikiingia, hesabu za siku zinazofuata huvurugika zote, na mtangazaji siku hiyo hakutabasamu. Tulionywa kuhusu upepo, na hasa miti, kwa sababu mwanzoni mwa vuli majani bado yamo, mti mzima ni tanga. Wakasahau kuonya kuhusu blanketi. Blanketi nalo ni tanga. Nimelikuta kwenye michongoma ya jirani wa kulia, limekumbatia matawi, na vibanio vinne hadi leo havijulikani vilipo.

Jana jioni nimekaa na mama watoto mbele ya runinga. Blanketi lilikuwa nje tangu mchana, kwa mara ya kwanza limekauka upande mmoja, nimelishika mwenyewe. Tukaangalia ramani yote ya kanda, rangi ya manjano kila mahali, jua limechorwa hadi linacheka. Nikaanza kujinyoosha kwenye kiti.

Mtangazaji akasema, "Mvua itakuwepo katika maeneo machache."

Mama watoto akaweka kikombe chini, akatafuta kandambili zake. "Baba watoto," akasema, "tumetajwa. Inuka ushike upande ule mwingine."