Mnada wa Kimya: Mzigo Uko kwa Mtoaji au kwa Mnunuzi?

Katika shule, makanisa na vyama vya hisani nchini Marekani, mnada wa kimya umekuwa njia ya kawaida ya kuchangisha fedha. Vitu vilivyotolewa bure hupangwa mezani, kila kimoja na karatasi yake, na wageni hupita wakiandika madau, kila mmoja akimpiku aliyemtangulia hadi saa ya kufunga. Kabla ya usiku huo, hata hivyo, kuna miezi ya kubisha hodi madukani kuomba vitu hivyo, na kazi hiyo ndiyo inayozua maswali.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Mwenye mgahawa anayetoa chakula cha watu wawili hugharimika viungo na muda wa mpishi tu, ilhali mnunuzi anaipima zawadi hiyo kwa bei ya mezani. Hoteli nayo hutoa chumba ambacho pengine kingelala kitupu. Asiye na fedha mkononi hupata cha kuchangia, na huenda mshindi akarudi siku nyingine kama mteja.

Lakini maduka makubwa yana utaratibu wa kujikinga: fomu, masharti, maombi ya wiki kadhaa kabla. Anayebaki akiombwa ana kwa ana ni mfanyabiashara mdogo wa mtaani, ambaye mtoto wa mwombaji anasoma na wake, na kwake kukataa ni vigumu. Wachoraji ndio wanaoumia zaidi. Tangu sheria ya kodi ya Marekani ilipobadilishwa mwaka 1969, msanii anayetoa kazi yake mwenyewe haruhusiwi kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi ila gharama ya vifaa, yaani turubai na rangi, hata kama picha yenyewe ina thamani ya maelfu ya dola. Kisha picha hiyo huuzwa nusu bei mbele ya watu walewale ambao wangeweza kuinunua kwake. Mnunuzi, kwa upande wake, hupata nafuu ya kodi kwa kile tu alicholipa zaidi ya thamani halisi ya kitu. Aliyeokota cha bei rahisi, machoni pa sheria, amenunua tu.

Aliyezoea minada ya baada ya ibada katika makanisa ya Kilutheri kule Kilimanjaro ataona tofauti mara moja. Pale jogoo hununuliwa kwa bei iliyoiacha mbali ile ya sokoni, na mnunuzi anaweza kumrudisha auzwe tena, kwa kuwa kila mtu anajua kinacholipiwa si jogoo. Kelele za mnadi hupandisha bei, ingawa pia humfedhehesha asiye na kitu, na hapo kimya kina heshima yake. Tatizo ni kwamba kimya hichohicho humruhusu tajiri kuwinda bei nafuu kwa jina la hisani.

Kwa maoni yangu, waandaaji wangeomba vitu vichache, wakampa msanii sehemu ya mauzo pamoja na haki ya kupanga bei ya kuanzia, na wakaziacha vocha za mgahawa au hoteli zenye masharti ya "isipokuwa Ijumaa, Jumamosi na sikukuu", ambazo karatasi zake hufungwa zikiwa na dau moja, tena la mwandaaji mwenyewe.